Kilomita 90 kando ya ziwa

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu hapa Uvira, tulipoombwa kueleza matumizi ya safari ya mwezi wa nane 2022. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa.



Mkutano uliopita mzee mmoja alisimama kule nyuma, karibu na mlango, akauliza swali lililochekesha watu. Alisema: "Hili sanduku ni la wagonjwa na la matanga. Tangu lini limekuwa la matembezi? Tangu lini makuta yetu yanapeleka vijana wa proje kuangalia ziwa, kama hata hapa Uvira ziwa halionekani?" Watu walicheka, wengine wakapiga mikono. Na sisi tulicheka, maana kweli hapa Uvira ziwa unaliona hata usipolitafuta. Mwaka 2021 lilikuja lenyewe kutuangalia ndani ya nyumba.

Lakini swali lilikuwa la haki. Mtu anayetoa faranga zake kila mwezi lazima ajue zimekwenda wapi, na siku ile hatukuwa na jibu, safari ilikuwa bado. Sasa tumekwenda, tumerudi. Tuanze na hesabu, kiisha tutaeleza mengine, maana tukichelewesha hesabu munaweza kufikiri tunaificha.

Tulikwenda watu wanne: koko mwenye safari, mama mmoja wa komite, na sisi wawili wa proje. Sisi wawili tulichukua siku zetu za konje, nauli tulijilipia wenyewe. Sanduku lililipa nauli ya watu wawili, faranga 20.000 kwa kila mtu kwenda na 20.000 kurudi, jumla 80.000. Lililipa tena faranga 30.000 za vitu vya kupeleka: chumvi, sukari, sabuni, mikate na kitenge kimoja. Zote pamoja ni 110.000, kama dola 55. Kwenye bariere tuliombwa "ya maji" zaidi ya mara moja. Hatukupewa risiti, basi hatukuiandika kwenye hesabu, tulitoa mifukoni mwetu. Tunalisema wazi kwa sababu marafiki wa mbali hutuuliza kila mara kwa nini safari fupi za huku zinakula pesa nyingi.

Hiyo ndiyo hesabu. Faranga 20.000 kati ya hizo bado ziko, na tutafika kwake mwishoni.

Sasa koko. Jina lake hatulisemi hapa, na la kijiji tulichokwenda tunaliacha, kwa sababu maneno ya shamba hayajakwisha na karatasi hii inapita mikononi mwa watu wengi. Ninyi wa hapa munamjua. Ni yule anayekaa kila mkutano kwenye kiti cha pembeni, anayetoa mchango wake ukiwa umefungwa kwenye pindo la kitenge, na hajawahi kuchelewa.

Vita ilipotufikia mwaka 1996, koko alikimbia kama wengi wenu. Alivuka usiku, kwa mtumbwi, na watoto watatu. Mudogo wake alikuwa naye pale mchangani, wamefika pamoja. Mtumbwi ulijaa. Mwenye mtumbwi alisema mmoja tu zaidi na wote tutazama. Koko alipanda, mudogo wake akabaki amesimama kwenye maji mpaka magotini. Hivyo ndivyo walivyoachana. Wakazunguka ncha ya Ubwari gizani, na baada ya siku kadhaa wakafika Kigoma, kiisha wakapelekwa Nyarugusu.

Wengine wetu tulikulia Lugufu. Tulisoma kwa programu ya Kongo huku tunakula chakula cha Tanzania, na tulikuwa tunalijua hili ziwa kutoka upande ule, kama kitu cha jioni ambacho jua linazama nyuma yake, kwetu. Tunaeleza hivi ili mujue kwamba hatukwenda na koko kama wageni.

Kurudi kulianza mwaka 2005. Wengi wenu mulipanda meli Kigoma mukashuka Baraka, na kila mtu ana habari yake ya siku ile: nani alibusu mchanga, nani alilia, nani alianza mara moja kugombana juu ya bidoni. Koko alirudi 2007. Aliposhuka Baraka aliuliza habari za mudogo wake, hakuna aliyejua vizuri. Wengine walisema yuko milimani kwa wakwe zake, wengine walisema amekufa. Mtoto wake mkubwa alikuwa na nyumba hapa Uvira, basi koko akapandishwa lori pamoja na vitu vyake, akaja. Usiku ulimkuta njiani. Alijifunika kichwa juu ya vumbi. Kwa hiyo hata siku ile barabara hakuiona.

Miaka ikapita, simu zikaenea, mudogo akapatikana. Alikuwa mzima, amerudi kijijini kwao tangu 2012. Walisemezana mara moja, mara mbili. Mara ya tatu neno la shamba la baba yao likaingia, simu ikakatika, na hakuna aliyepiga tena. Kilomita 90 tu. Watu wa Uvira wanaenda Baraka na kurudi kwa ajili ya mawese, kwa ajili ya ndagala, kwa ajili ya kesi. Hawa wawili walikaa miaka kumi hawajaonana, na kabla ya hapo miaka kumi na sita.

Tuna deni moja la kusema mbele yenu. Mwaka 2016 sisi wenyewe tulipita nyumbani kwa koko na fishi ya proje. Munazijua fishi zetu. Kuna nyumba, kuna chakula, kuna watoto kwenda shule, na kuna mstari mmoja unaouliza kama familia imeungana. Tulimkuta amekaa uani na wajukuu watano. Tuliangalia wale wajukuu, tukaandika "ndiyo". Hatukumuuliza. Fishi ilikwenda juu, ikaingia kwenye tarakimu, na wakubwa wakafurahi. Tumeitafuta ile fishi mwaka huu, tumeiona: "ndiyo", kwa mwandiko wetu.

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Gari ilikuwa ya watu watano, tulikaa nane, na kuku wa abiria mmoja chini ya miguu. Koko tulimweka mbele, dirishani, upande wa ziwa. Shofere alitaka kumbana na mtu mwingine kwenye kiti kile, tukakatalia pale pale parkingi, na hiyo nusu ya kiti ililipwa na mama wa komite. Haimo kwenye hesabu.

Ukiisha kuacha Kalundu, na zile boti za Kigoma na Kalemie zinazopakuliwa, mlima unakaribia ghafula. Munajua pale. Mitumba inashuka mpaka karibu kugusa maji, na barabara inapita katikati kama mtu anayejibana ukutani ili asiloweshe viatu. Jua lilikuwa linatoka nyuma ya milima ya Burundi, linakuja juu ya maji moja kwa moja mpaka usoni mwetu. Ziwa saa ile si la bluu. Ni la rangi ya bati jipya. Koko alitia mkono juu ya macho, akaangalia muda mrefu, kiisha akasema: "Kumbe kule tulikuwa tunaliangalia mgongo."

Shofere aliuliza amesema nini. Tulimweleza. Hakuelewa, yeye amezaliwa hapa na hakuwahi kuvuka.

Mahali pengi maji ya ile miaka ya kujaa yamekula barabara. Kuna miembe iliyosimama ndani ya ziwa, imekauka, ndege wamekaa juu yake. Kuna nyumba ambazo ukuta wake unaonyesha mstari wa maji, na mwenye nyumba ameanika ndagala kwenye msingi uliobaki. Mara mbili shofere alituomba tushuke, apitishe gari tupu kwenye ukingo, na sisi tufuate kwa miguu. Koko alishika viatu mkononi. Kila mto unaoshuka kutoka mlimani una habari yake, na msimu wa mvua hiyo mito ndiyo inaamua nani anasafiri. Ndiyo sababu tulichagua mwezi wa nane. Wale watakaopanga safari nyingine wasisahau hilo.

Tukafika Makobola. Shofere alizima redio bila kuambiwa. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 watu wengi waliuawa pale, na ni vigumu kukuta nyumba ya pwani hii isiyo na jina la kutaja pale. Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu mpaka tulipopita. Na sisi hapa hatutaongeza.

Baada ya hapo mlima unarudi nyuma kidogo, unapata nafasi ya mashamba. Mihogo, migomba, ngazi zilizosimama kwa mistari, moshi wa watu wanaopika mawese. Swima, kiisha Mboko. Mboko tulisimama tukala, bugali na mikebuka ya kuchoma, ile iliyotoka majini usiku uleule. Mama wa komite alitaka kununua samaki wengine wa kupeleka. Koko alimshika mkono: kumpelekea mtu wa karibu na Baraka samaki ni kumtukana. Mama wa komite ni mtu wa milimani, alikubali kufundishwa.

Tunaomba mutusamehe tukikaa kidogo kwenye mambo ya kula na kuangalia. Mzee aliyeuliza swali alisema tunakwenda kuangalia ziwa, na ni kweli tuliliangalia. Hatuoni haya. Kuna watu hapa ambao kwa miaka ishirini na zaidi wameijua hii barabara kama mahali pa kukimbilia, mahali pa bariere, mahali pa habari mbaya za asubuhi. Koko alipokuwa anakula ile mikebuka, amekaa juu ya jiwe, miguu majini, mtu akipita hakuweza kujua kama ni mkimbizi, kama ni rapatriye, kama ni nani. Alikuwa mama mzee anayekwenda kwa ndugu yake. Kwenye fishi zetu hatuna mstari wa hilo.

Karibu na Lusenda tulipita penye kambi ya ndugu zetu wa Burundi. Iko pale tangu 2015. Koko hakuwa anaijua. Aliona zile nyumba zimepangwa mistari, mahema ya zamani yamekuwa mapaa, wamama kando ya barabara wana vibeseni vya nyanya, kila nyanya nne fungu moja. Akamwambia shofere asimame. Abiria wengine walinung'unika. Aliteremsha kioo, akamsalimu mama mmoja kwa Kiha, lugha aliyojifunza sokoni kule upande wa Kasulu, na Kiha na Kirundi ni majirani, basi yule mama alielewa, akajibu, akasogea. Walisema maneno machache hatukuyashika yote. Koko alinunua mafungu mawili, akalipa, kiisha akarudisha fungu moja ndani ya kibeseni. Tulipoondoka hakusema chochote kwa muda. Halafu aliuliza: "Hawa, nyumbani kwao munapaona kutoka hapa?" Tulimwonyesha ng'ambo, Rumonge na milima yake. Akasema: "Ni vibaya zaidi. Sisi angalau hatukuwa tunapaona kila siku."

Baada ya Lweba, Ubwari ulianza kujitokeza mbele yetu, mrefu, kama kisiwa. Pale koko alianza kupanga mizigo yake. Tulidhani tunaujua mzigo wote, maana tuliununua wenyewe. Kumbe chini ya kitenge alikuwa ameficha sufuria. Ilikuwa mpya, inang'aa, haijawahi kuona moto. Ni moja ya zile alizopewa siku ya kurudi 2007, pamoja na blanketi na jembe. Miaka kumi na tano ameihifadhi chini ya kitanda, Uvira, nyumba imejaa maji akaitoa, maji yakapungua akairudisha. Alituambia hivi: "Majirani walimwambia mudogo wangu kwamba sisi tulirudi na mali. Basi, nimemletea mali."

Mudogo wake alikuwa uani, anachagua mihogo iliyokauka. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alisikia gari, alisikia watoto wanapiga kelele, hakuinuka. Koko alitembea kutoka barabarani mpaka uani peke yake, alitukataza kumshika. Alisimama. Mudogo akainua kichwa, akamwangalia kutoka chini mpaka juu, na neno la kwanza, baada ya miaka ishirini na sita, lilikuwa hili: "Yaya, unakonda hivi? Kule kwa bakimbizi habakukuwa banakupatia chakula?"

Koko akasema: "Walinipa maharage. Nimechoka na maharage."

Hapo ndipo walipokaa chini, na sisi tukaenda kuangalia ziwa, kama mzee alivyosema.

Hatukusikia waliyosemezana mchana ule. Jioni tulioga, tukakaa mchangani na vijana wa pale waliokuwa wanatengeneza nyavu. Mwezi haukuwepo, ilikuwa siku nzuri ya kuvua. Giza lilipoingia mitumbwi ikatoka, na malampe yakawaka moja moja, mpaka ng'ambo yote ya maji ikawa kama mji. Mtoto mmoja wa pale alituuliza kama Uvira kuna taa nyingi hivyo. Tulimwambia, siku umeme ukiwepo. Wale wazee wawili walikuja kukaa nyuma yetu. Mudogo haoni malampe tena kama taa, anaona weupe tu. Koko alikuwa anamhesabia: kumi, kumi na moja, huyu ameenda mbali, huyu amezima.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda shambani. Hapa sikilizeni vizuri, maana kuna wengi wenu wenye kesi kama hii.

Shamba la baba yao liko kwenye mteremko, kutoka barabarani mpaka kijito. Sehemu ya chini mudogo aliiuza wakati wa vita. Hilo ndilo neno lililokata simu. Koko kwa miaka yote alijua hilo tu, kwamba iliuzwa. Aliambiwa na watu. Hakuna aliyemwambia iliuzwa kwa nini. Mudogo alisimama pale kwenye mpaka, mkono wake juu ya ngazi moja nene ambayo wote wawili walikumbuka ilipandwa na baba yao, akaeleza kwamba mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na watu wenye silaha, wakataka pesa ili wamwachie. Alikuwa hana kitu kingine.

Koko aliuliza: "Na mtoto alirudi?"

"Alirudi."

"Basi."

Hivyo tu. Sisi tumefundishwa chuoni namna ya kuongoza mazungumzo ya upatanisho. Tuna vitabu, tuna kadi za rangi, tunakaa watu kwa duara. Maswali ya pale shambani yalikuwa mawili, na moja lilikuwa "basi".

Lakini musifikiri yote yalikwisha. Aliyenunua amekufa, watoto wake wana karatasi yenye kidole gumba na sahihi ya shefu wa wakati ule, na wamepanda ngazi zao mpaka juu ya kijito, tunavyoona wamepita mpaka kama hatua kumi na tano. Shefu wa sasa alikuja. Wale watoto walikuja pia, hawakuwa wakali, mmoja wao alileta viti. Waliangalia, walibishana juu ya mwembe mmoja kama uko ndani au nje, na hata wale ndugu wawili hawakukubaliana juu ya ule mwembe; koko anasema ulikuwa ndani, mudogo anasema ulikuwa wa jirani na waliiba maembe yake wakiwa watoto. Watu walicheka sana. Mwisho shefu alisema sehemu ya chini imeuzwa na itabaki imeuzwa, sehemu ya juu ni ya hawa mama wawili, na zile hatua kumi na tano zitapimwa kwa kamba mbele ya wazee. Hakuna kilichoandikwa. Karatasi bado.

Tunalisema hili kwa sababu katika kazi yetu tumeona kesi nyingi za mashamba ya waliorudi zikianzia ofisini. Mtu anakaa Uvira, anaandika barua, anatafuta wakili, anauza mbuzi, na upande wa pili nao unauza mbuzi. Wale wanaojua mpaka, wale wanaokumbuka nani alipanda mti gani, wako kule, na wanazeeka. Mudogo wa koko macho yanakwisha. Ngazi ile aliishika kwa mkono, hakuiona. Kila mwaka tunaochelewa tunampoteza shahidi mmoja. Nauli ya faranga 20.000 ilifanya kazi ambayo barua ya wakili haijafanya katika kesi nyingine tunazozifuata, na kama mzee wetu wa nyuma anataka tumwonyeshe hizo barua, ziko.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali mstari mpya kwenye sanduku. Tuuite jina lake: safari ya kutembelea jamaa. Safari mbili kwa mwaka, zote wakati wa kiangazi, mzee mmoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Wa kwanza wawe wale ambao ndugu yao wa mwisho aliyebaki ni mzee au mgonjwa. Sanduku la wagonjwa lisiguswe kwa ajili ya hili. Kama mwaka fulani matanga ni mengi, safari zisubiri. Na kabla ya kuondoka, tuulize kwanza hali ya njia kwa watu wa huko wenyewe. Asubuhi ile tulipiga simu tatu kabla ya kumpandisha koko, na kama moja tu ingejibu vibaya, tungebaki.

Rafiki zetu mnaotusaidia, tunajua kwenye bajeti zenu mstari kama huu haupo. Tungeweza kuuficha chini ya "usafiri wa wanufaika", tumeona wengine wakifanya hivyo. Hatutaki. Mulilipa meli ya kutuvusha, mulilipa lori, mulilipa mabati, na tunawashukuru, kuna watu hapa ambao wangali wanalala chini ya mabati yale. Lakini meli ilitushusha mchangani, na sisi pamoja nanyi tukaandika kwamba watu wamefika. Koko alishuka Baraka 2007. Alifika mwaka huu, mwezi wa nane.

Sasa zile faranga 20.000.

Jumatatu asubuhi gari lilikuja kutuchukua. Tulikuwa tumefunga mizigo. Koko alikuwa amekaa jikoni na mudogo wake, ile sufuria iko motoni kwa mara ya kwanza, imeanza kuwa nyeusi. Tulimwita. Alitoka mpaka mlangoni, akasema: "Mwende. Mi nabakia mpaka wapime ile kamba." Mama wa komite alimkumbusha wajukuu. Alisema wajukuu wana mama yao. Alimkumbusha nauli, kwamba imelipwa kwenda na kurudi, na chama kitauliza. Koko alifikiri kidogo, akafungua pindo la kitenge chake, akatoa mchango wake wa mwezi wa tisa, akatupa tuulete.

Tumeuleta. Mweka hazina ameuandika. Lakini nauli ya kurudi hajui aiweke wapi, kama ni pesa iliyotumika au iliyobaki. Ametuuliza, na sisi hatukujua. Kwa sasa iko kwenye bahasha ndani ya sanduku, jina la koko juu yake. Jana alipiga simu. Kamba bado haijapimwa, shefu amesafiri. Alituomba, mtu yeyote atakayeenda upande ule, amletee chumvi.